Lipo au Halipo?

Hapo zamani, ingawa si zamani sana, palikuwa na kompyuta nyeusi yenye umbo la mchemraba juu ya meza moja huko CERN, kituo cha utafiti wa chembe za atomu karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Ilikuwa kompyuta ya NeXT, na aliyeitumia ni Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee. Mbele yake palibandikwa karatasi yenye onyo la wino mwekundu: mashine hii ni seva, msiizime. Onyo hilo lilikuwa na sababu yake. Mwishoni mwa mwaka 1990 hiyo ndiyo iliyokuwa seva ya kwanza ya wavuti, na kwa muda ilikuwa peke yake duniani. Kama mfanyakazi mmoja angeizima jioni akienda nyumbani, wavuti yote ingelala.

Seva, wanangu, ni kompyuta inayokesha ikingoja kuulizwa. Ndani yake mna mafaili: kurasa, picha, nyimbo, vitabu, matokeo ya mitihani. Wewe uko Tabora au Lamu, simu yako inatuma ombi, na seva iliyo mbali, pengine ng'ambo ya bahari, inajibu. Mazungumzo hayo yana kanuni zake, nazo huitwa HTTP. Leo nawasimulia swali moja tu katika mazungumzo hayo: faili fulani lipo au halipo? Mtu akilisikia hudhani lina majibu mawili. Lina mengi zaidi, na hata watu wazima ambao kazi yao ni kuandika programu huyachanganya, wakatangaza kwamba kitu kimepotea wakati kipo, au kwamba kipo wakati kilishaondolewa zamani.

Kanuni za mwanzo, za mwaka 1991, zilikuwa fupi mno. Kompyuta ya muulizaji ilituma neno moja, GET, yaani nipe, likifuatwa na jina la faili. Seva ikatoa faili lote, kisha ikakata mawasiliano. Na faili likikosekana? Seva ilirudisha ukurasa mwingine, wenye sentensi ya kueleza kwamba hakikuonekana kitu. Mtu mwenye macho aliusoma akaelewa. Mashine haikuwa na la kuelewa, maana kwake ukurasa ni ukurasa. Waraka wenyewe wa kanuni hizo ulisema wazi kwamba hapakuwa na njia ya kutofautisha jibu jema na jibu la kosa ila kwa kusoma maneno yaliyomo. Hebu fikirini programu inayotakiwa kukagua viungo elfu kumi usiku mmoja. Ingepata kurasa elfu kumi, isijue ni zipi zenye kitu na ni zipi za pole.

Hapo ndipo zilipoingia namba. Katika toleo lililofuata, kila jibu la seva lilianza na namba ya tarakimu tatu, ambayo mashine huielewa bila kusoma sentensi hata moja. Tarakimu ya kwanza hutaja jamii ya jibu. Ikiwa ni 2, mambo ni mema. Ikiwa ni 3, unaelekezwa pengine. Ikiwa ni 4, seva inaona kasoro iko kwenye ombi lako. Ikiwa ni 5, seva inakiri kwamba imeshindwa yenyewe. Ile maarufu kuliko zote, 404, iko katika jamii ya nne: ulichokiomba hakikuonekana. Mtasikia watu wakisimulia kwamba 404 ilikuwa namba ya chumba huko CERN, walimokaa wenye kutafuta mafaili. Hadithi hiyo inapendeza, ila si kweli. Robert Cailliau, aliyefanya kazi na Berners-Lee tangu mwanzo wa wavuti, aliikanusha waziwazi.

Pamoja na namba likaja neno jipya la kuulizia, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Ni HEAD. Toleo hilo la kanuni lilichapishwa rasmi Mei 1996, katika waraka ujulikanao kama RFC 1945, ulioandikwa na Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk Nielsen. Maana ya HEAD ni hii: nijibu kama vile ungenijibu kwa GET, namba yake na maelezo yake yote, lakini faili lenyewe usinitumie. Mama akikutuma dukani ukaulize kama unga umefika, huendi na hela wala mfuko. Unapiga hodi, unauliza, unaambiwa upo, kilo mbili mbili, umeletwa jana, kisha unarudi mikono mitupu na habari kamili. HEAD hufanya hivyo hivyo.

Faida yake wanaijua wote wanaonunua bando. Tuseme unataka video ya somo yenye megabaiti mia saba. Ukiiomba kwa GET ili tu ujue kama ipo, bando litakuwa limeanza kuliwa kabla hujaamua. Ukiuliza kwa HEAD, jibu zima huwa ni mistari michache ya maandishi, na mara nyingi mstari mmoja hukutajia ukubwa wa faili. Unajua lipo, unajua uzito wake, kisha unaamua kulivuta sasa au kungoja hadi ufike penye waifai.

Na tujaribu kweli. Iko programu iitwayo curl, iliyopewa jina hilo mwaka 1998 na Msweden Daniel Stenberg, ambaye anaitunza mpaka leo. Imo tayari kwenye kompyuta nyingi, na kwenye simu za Android inapatikana kupitia programu ya Termux. Fungua dirisha la kuandikia amri, kisha andika:

curl -I http://info.cern.ch/hypertext/WWW/TheProject.html

Herufi I iwe kubwa. Ndiyo inayoiambia curl itume HEAD badala ya GET. Anwani hiyo ni ya ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ambao CERN iliurudisha mahali pake pa asili mwaka 2013.

Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, mambo kadhaa hutokea kabla hujamaliza kupepesa macho. Kwanza curl haijui info.cern.ch iko wapi, kwa hiyo inaulizia namba ya mashine hiyo katika mfumo wa majina ya intaneti, DNS. Ikishaipata, inabisha kwenye lango namba 80, na kama anwani ingeanza na https ingebisha lango namba 443. Mlango ukifunguka, inatuma mstari wa HEAD wenye jina la faili, na mstari mwingine unaotaja jina la tovuti, kwa sababu mashine moja inaweza kuhifadhi tovuti mia na lazima ijue unaulizia ya nani. Ukiwa pwani ya Afrika Mashariki, swali lako leo hupita kwenye nyaya za nuru zilizolazwa chini ya bahari. Kabla ya waya wa SEACOM kuanza kazi mwezi Julai 2009, swali kama hilo lilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, likashuka, na jibu likapita njia hiyo hiyo. Karibu nusu sekunde iliishia safarini.

Jibu linalorudi linaanza na 200. Ukurasa upo! Chini yake utaona kwamba ni wa maandishi ya HTML, kwamba una baiti 2,217, na kwamba ulibadilishwa mara ya mwisho tarehe 3 Desemba 1992. Tarehe hiyo inanigusa kila nikiitazama. Ukurasa uliandikwa kabla ya hapo, lakini siku zile ulikuwa ukirekebishwa juu kwa juu, jipya likifuta la zamani, kwa hiyo nakala inayoonyeshwa pale ni ya 1992. Mambo haya yote tumeyajua bila kuuvuta ukurasa wenyewe.

Sasa ongeza herufi moja katika jina la faili, utume tena. Seva itasema 404. Siku nyingine ukiipata namba hiyo bila kuitarajia, angalia kwanza mkono wako. Seva nyingi hutumia mfumo wa Linux, na kwa Linux Ripoti.pdf na ripoti.pdf ni mafaili mawili tofauti. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiitwa picha.JPG haitapatikana ukiomba picha.jpg. Nafasi tupu ndani ya jina nayo huleta taabu, maana kwenye anwani lazima iandikwe %20. Katika mafaili ambayo watu husema yamepotea, baadhi yameandikwa vibaya tu.

Halafu iko namba 410. Huyu ni ndugu wa 404, ila anasema zaidi. Jibu la 404 halikwambii kama kitu kitarudi kesho au hakikuwahi kuwepo. Jibu la 410 linakwambia kilikuwepo, kimeondolewa kwa makusudi, usikingoje. Natamani wenye tovuti wangelitumia mara nyingi zaidi, kwa sababu linamheshimu anayeuliza. Ukipata 301, faili limehamia kwa kudumu, na seva inakupa anwani mpya kwenye mstari wa Location. Hapo hujajibiwa bado. Inabidi uende huko ukaulize upya, na curl itakufanyia hivyo ukiiongezea herufi L kubwa.

Jibu linalohitaji utulivu ni 403. Seva imekuelewa, inakataa. Je, faili lipo? Haikusema lipo, wala haikusema halipo. Kanuni zinairuhusu hata seva yenye siri ijibu 404 badala ya 403, ili asiyeruhusiwa asijue kwamba kuna kitu nyuma ya mlango. Kwa hiyo maana kamili ya 404 ni kwamba seva haikuliona faili hilo, au haitaki kukwambia. Na ukikutana na 403, usianze kubahatisha majina mengine mia ukitafuta mlango ulioachwa wazi. Vitu vya watu ni vya watu hata vikiwa mtandaoni.

Namba za jamii ya tano, kama 500 na 503, zinawapotosha wengi. Seva imeelemewa, au iko kwenye matengenezo, au programu yake imeanguka. Siku matokeo ya mtihani yanapotangazwa, maelfu ya watu wakabisha kwa pamoja, 503 ni jibu la kawaida kabisa. Faili linaweza kuwa pale pale lilipo, zima, halijaguswa. Hujaambiwa lolote kuhusu faili. Umeambiwa habari za seva.

Kuna na kimya. Unatuma swali, hakirudi kitu, mpaka programu inachoka kungoja. Au jina la tovuti lenyewe halijulikani kwenye DNS, pengine kwa kuwa mwenye nalo hakulilipia. Au mlango unakataa kufunguliwa. Katika hali hizi tatu hakuna seva iliyokujibu lolote kuhusu faili. Programu nyingi hufanya kosa hapa. Anayeiandika huweka uamuzi wa namna mbili, ndiyo na hapana, na kila kisicho 200 anakitupa upande wa hapana. Waya ukikatika kwa saa moja, programu yake inafuta kwenye orodha vitabu vyote vya maktaba. Ukija kuandika programu yako, weka majibu matatu: lipo, halipo, sijui. Hilo la tatu ndilo litakalokuokoa.

Ubaya wa kinyume chake ni seva inayosema 200 kwa kila kitu. Mwenye tovuti alitaka kuwapendeza wageni, akatengeneza ukurasa mzuri wenye picha na maneno ya kuomba radhi, lakini akasahau kuuambatanisha na namba 404. Ukiuliza kwa mashine, kila faili duniani lipo kwake. Dawa yake ni hila moja nzuri. Kabla hujaliamini jibu, uliza jina ambalo unajua kwa hakika haliwezi kuwepo, kwa mfano zzqk83wmx.pdf. Seva ikijibu 200 tena, ushahidi wake hauna uzito. Tazama pia aina ya kitu unachopewa: umeulizia PDF, ukajibiwa kwamba ni ukurasa wa HTML, basi kuna namna. Mara nyingine hata si kosa la seva. Kwenye waifai ya hoteli au uwanja wa ndege, swali lako hukamatwa njiani na ukurasa wa kuingizia nenosiri. Bando likiisha, baadhi ya mitandao ya simu hukupeleka kwenye ukurasa wa kununua jingine. Umepata 200 kutoka kwa mtu ambaye hukumuuliza.

Baadhi ya seva hazipendi HEAD. Zitakujibu 405, yaani njia hii ya kuuliza hairuhusiwi, ingawa kwa GET faili lingetolewa vizuri. Hapo tumia GET, lakini uombe baiti ya kwanza peke yake. Seva inayoelewa itarudisha 206 na baiti hiyo moja, na mstari wa maelezo utakaokutajia ukubwa wa faili zima. Isiyoelewa itaanza kukumwagia faili zima, nawe uwe tayari kukata mawasiliano mara tu ukiiona namba.

Sasa nawaletea kisa ambacho ndani yake jibu la swali letu hubeba uzito mkubwa. Katika miaka ya 1993 na 1994 walitokea roboti wa wavuti, programu zinazozunguka zikisoma kurasa ili kuziorodhesha. Baadhi yao walizilemea seva kwa maombi mfululizo, au wakaingia mahali wasipotakiwa. Mwaka 1994 Martijn Koster akapendekeza utaratibu: kila tovuti yenye masharti iweke faili liitwalo robots.txt, na roboti mwenye adabu aliulizie hilo kabla ya kugusa kingine. Ndani yake mmeandikwa wapi pa kupita na wapi pasipopitika.

Lakini faili hilo likikosekana je? Utaratibu ulipoandikwa rasmi mwaka 2022, katika waraka RFC 9309, jibu lilitegemea namba. Seva ikijibu 404, ina maana mwenye nyumba hakuweka masharti, na roboti anaweza kupita. Seva ikijibu kwa jamii ya tano, au isipofikika, roboti anatakiwa achukulie kwamba amekatazwa kila mahali. Angalieni uzuri wa jambo hilo. Katika hali zote mbili roboti hakulipata faili. Mara ya kwanza ameambiwa halipo, mara ya pili hakuambiwa kitu, na kwa tofauti hiyo peke yake njia inafunguka au inafungwa.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu kuuliza kwenyewe. Jibu la HEAD ni la wakati ule lilipotolewa. Ukiuliza saa nne, ukaenda kulivuta faili saa nne na dakika moja, mtu anaweza kuwa amelifuta katikati. Kwa hiyo, kama unalitaka faili na ni dogo, usihangaike kuulizia kwanza. Liombe moja kwa moja kwa GET, usome namba ya jibu. Kuuliza bila kuchukua ni kwa faili zito, au kwa mkaguzi mwenye viungo vingi asiyehitaji vilivyomo.

Na wakaguzi wana kazi kubwa kweli. Mwaka 2024 kituo cha Pew Research cha Marekani kilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Viungo vinavyoelekea kwenye kurasa hizo huishia kwenye 404 au kwenye kimya. Internet Archive, shirika lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996 huko San Francisco, huhifadhi nakala za kurasa kabla hazijapotea. Kwenye Wikipedia, roboti aitwaye InternetArchiveBot hupita akikagua viungo vya marejeo. Hutuma HEAD kwanza. Akijibiwa vibaya, hutuma GET kamili. Hata hapo hatangazi kiungo kuwa kimekufa kwa jibu moja, bali hurudi kukiuliza tena siku nyingine, kwa kuwa huenda seva ilikuwa kwenye matengenezo. Akisharidhika ndipo huweka kiungo cha nakala iliyohifadhiwa. Oktoba 2018 Internet Archive ilitangaza kwamba viungo zaidi ya milioni 9 vilivyovunjika kwenye Wikipedia vilikuwa vimeokolewa.

Nawe ukikuta ukurasa uliouhitaji kwa kazi ya shule umeondolewa, nakili anwani yake yote, ukaibandike kwenye web.archive.org. Utaoneshwa kalenda. Chagua siku yenye alama ya buluu, maana hizo ndizo siku ambazo mashine zao ziliulizia ukurasa huo zikajibiwa 200.